Mambo Matatu, na Kwa Nini

Ukimuuliza mtu wa Nairobi yuko aje, atakwambia anasukuma. Hata mwenye mshahara anasukuma. Mimi mwaka huu kazi iliisha bila notisi, kodi ikabaki palepale, usingizi ukahama.

Dawa niliyoanza nayo ni ya bure. Mwaka 2005, mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake kule Marekani walieleza zoezi moja: kila usiku kwa wiki nzima, andika mambo 3 yaliyoenda vizuri, na kando ya kila moja andika kwa nini. Waliolifanya walikuwa bado na furaha zaidi miezi 6 baadaye. Najua, inasikika kama zile picha za asubuhi za WhatsApp, maua na jua, kutoka kwa shangazi asiyedaiwa na mtu.

Utamu uko kwenye hiyo kwa nini. Niliandika: nimekula madondo kwa deni. Kwa nini? Kwa sababu Mama Brayo wa kibandani ananijua, miaka miwili namsalimia na kumuulizia mtoto. Dadangu amepiga simu. Kwa nini? Kwa sababu nilimwambia silali, na yeye hasahau kitu. Kumbe kila sababu ilikuwa na mtu ndani yake. Usiku, hofu ilikuwa imenishawishi kwamba niko solo.

Hapa kwetu kuna Shamiri, jina zuri kweli. Vijana waliomaliza sekondari juzi tu wanakaa na wanafunzi kwa vikundi, wanaongea kuhusu shukrani, kukua, na yale mtu anayoyathamini. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa 2021 ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Na hapakuwa na daktari darasani.

Siongelei ile shukrani ya bosi, ya "shukuru hata una kazi", ambayo hutolewa mtu akiuliza mshahara. Hiyo ni kufungwa mdomo. Wala daftari halilipi kodi, na mtu anayewaza kujiua anahitaji msaada wa wataalamu, haraka, si kalamu.

Niko usiku wa 19 sasa. Jana niliandika mawili tu: mwenye ploti amekubali nusu, kwa sababu nilimfuata kabla hajanifuata; na mvua haikuingia, kwa sababu jirani alipanda juu ya mabati na lami. La tatu sikulifikia. Nililala.