Zanzibar kwa Lenzi ya Baba Mkwe

Tuseme ukweli: picha za Zanzibar zimeanza kufanana. Mlango wa njumu, jahazi na jua linalozama, miguu minne kwenye mchanga wa Nungwi, basi. Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzi wako mna wikiendi moja tu kisiwani na hamtaki kurudi na picha ambazo kila mtu anazo, nina ushauri mmoja na wala hauhusu hoteli. Tafuteni lenzi ya zamani, ile ya kamera ya mkanda, muifunge kwenye kamera yenu ya dijitali, halafu vukeni barabara mwende Ng'ambo.

Ng'ambo ni upande wa pili wa Mji Mkongwe. Barabara ya Creek, ambayo siku hizi inaitwa Benjamin Mkapa, imepita pale palipokuwa na mkono wa bahari. Waliokaa upande wa pili walikuwa ng'ambo ya maji, na jina likabaki hata maji yalipofukiwa. Wageni wengi huishia sokoni Darajani. Ukiendelea mbele dakika chache kwa miguu, unakutana na kitu ambacho hakimo kwenye vipeperushi: majumba ya Michenzani, maghorofa marefu kama treni zilizosimama, yanayotazamana kwenye mzunguko wa barabara.

Haya majumba yana uhusiano wa damu na lenzi ninayoizungumzia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa marafiki wa kwanza wa Zanzibar. Wataalamu wake walijenga kwanza Kikwajuni, kisha wakasaidia kupanga mji mpya wa Ng'ambo ambao Mzee Karume aliutaka: maji ya bomba, umeme, ghorofa kwa mtu wa kawaida. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kupisha mradi huo, na si kila mtu alifurahi. Wakati huohuo vijana wa Kitanzania walikuwa wakienda kusoma nchi ileile, na wengine walirudi na kamera.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmojawao. Alirudi mwaka 1978 na Praktica yenye lenzi ya Pentacon, milimita 50, tundu la 1.8. Lenzi hii kwa asili ni Oreston, iliyobuniwa na kiwanda cha Meyer kule Görlitz kabla hakijaunganishwa na Pentacon ya Dresden mwaka 1968. Kamera yenyewe ilikufa zamani. Lenzi ilibaki kwenye droo ya kabati la vyombo, ghorofani Michenzani, ikila unyevu wa bahari. Mume wangu alipoitoa, ndani ya kioo kulikuwa na nyuzinyuzi kama mizizi. Fangasi! Fundi mmoja wa Kariakoo aliifungua, akasafisha alichoweza, akatuambia waziwazi kwamba fangasi ameshala ile rangi ya juu ya kioo, na palipoliwa hapaponi. Kwa hiyo ilikuwa ama tuitumie sasa ama tuirudishe droo imalizwe.

Hebu tuingie kidogo kwenye ufundi, msiogope. Lenzi za aina hii zinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, upana wa milimita 42, ndiyo maana zinaitwa M42. Zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye mkanda. Mambo yote yapo kwenye namba hiyo. Canon za DSLR zina nafasi ya milimita 44, kwa hiyo pete nyembamba ya chuma inajazia kilichobaki na picha inatoka safi. Nikon za DSLR zina milimita 46.5, yaani lenzi imeshakuwa mbali kuliko inavyotakiwa. Utapiga uso wa mwenzi wako vizuri, lakini bahari ya nyuma yake haitaingia kwenye fokasi kamwe, labda ununue adapta yenye kioo chake, ambayo mimi siipendi kwa sababu kioo cha bei poa kinaharibu kile ulichokifuata. Wenye raha ni wenye kamera zisizo na kioo cha kupindua ndani. Sony za aina hiyo, kwa mfano, zina milimita 18 tu, nafasi tele, adapta inakuwa kama kikombe kifupi.

Ukishafunga, ingia kwenye menyu uiruhusu kamera ipige hata kama haijatambua lenzi. Weka kwenye A, tundu unachagua mwenyewe kwa pete ya lenzi, kasi kamera itajipangia. Fokasi ni mkono wako. Na kama sensa yako ni ndogo, ile ya APS-C, hiyo 50 itaona kama 75. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe utagonga ukuta mgongo kabla mlango haujaenea kwenye picha! Ng'ambo kuna nafasi ya kurudi nyuma.

Ila kilichonipendeza zaidi ni ule ucheleweshaji. Kwenye tundu la 1.8, mtu akiwa mita moja mbele yako, akiinamisha kichwa kidogo tu macho yameshapotea. Huwezi kuvizia. Lazima usalimie, uombe ruhusa, ungoje, na Zanzibar ndivyo inavyotakiwa iwe siku zote. Muuza kahawa pale barazani alitukatalia katakata, tukanywa kahawa tukaondoka. Wazee wa bao walikubali, ila mchezo uishe kwanza. Mimi na mume wangu, ambao nyumbani tunapigana picha kwa simu bila hata kuangaliana, tulijikuta tunaambiana "usitikisike" na "subiri," mara kumi kwa saa. Tuligombana kidogo pia, si unajua.

Saa kumi na moja jioni tukapanda kwa mama mkwe. Kwenye albamu yake kuna picha ya mwaka 1979, nyeusi na nyeupe, amesimama roshani, msichana, anacheka na mpiga picha. Lenzi hiihii. Tukamwomba akae palepale.

"Nikae kitako au nisimame?"

"Unavyopenda, mama."

Alisimama. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, na kioo kilicholiwa kikafanya kazi yake: weupe ukamwagika kwenye picha, vivuli vikapauka, kama kuna moshi chumbani. Lenzi mpya isingefanya hivyo. Nilizungusha pete taratibu, nikikosa, nikirudi.

"Mwanangu, umeshamaliza au bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Baba yenu naye alikuwa hivyohivyo," akasema, akacheka, na hapo ndipo mume wangu akanigusa bega nibonyeze.

Ya kwenye simu aliikataa, eti haina pa kubandikwa. Tuliichapisha kesho yake Darajani, ukubwa uleule wa ile ya zamani. Lenzi sasa inakaa kwenye boksi lisiloingiza hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, mbali na lenzi nyingine. Mama ametuagiza turudi nayo Idi, dada zake wa Kikwajuni nao wanataka kupigwa. Tiketi za boti tumeshakata.