Ukungu wa Limuru na Mteremko wa Mai Mahiu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha, akifika Rironi, huona njia mbili mbele yake. Ya kulia hupita Kinale na Kinungi. Ya kushoto huteremka Bonde la Ufa mpaka Mai Mahiu. Hii ya kushoto ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama chini ya mteremko. Malori mengi yaendayo Uganda hupita huku.

Nchi ya Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu utokao mashariki, ukipandishwa na vilima hivi, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone madogo sana yaeleayo hewani. Huo ndio ukungu. Mkulima wa chai haulalamikii, kwa kuwa mmea wake hupenda unyevu. Bali dereva wa alfajiri ya mwezi wa Julai ana neno lingine.

Dereva mgeni huponzwa kwanza na taa. Akizungukwa na weupe ule, huwasha taa kali, na matone humrudishia mwanga machoni mwake mwenyewe. Taa za chini humulika lami iliyo karibu, nayo ndiyo aihitajiyo. Kisha huponzwa na mwendo. Kwa kuwa haoni miti wala nyumba zikimpita, hudhani anakwenda polepole. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Asiyeona zaidi ya mita 20 hulifikia lori lililoharibika kabla mguu wake haujagusa breki. Wako wasemao kwamba barabara hii wanaijua hata wakifumba macho. Labda wanazijua kona zake, lakini punda wa mkokoteni aliyesimama leo hawamjui.

Hata hivyo, katika mteremko huu hofu hudhuru kuliko taa na mwendo. Ashukaye ana bonde upande wake wa kushoto, na ijapokuwa halioni, analijua. Basi usukani humvuta kidogo kidogo kuelekea katikati ya barabara, ambako lori lenye shehena linapanda likinguruma. Afadhali aufuate mstari wa ukingo, gari likiwa katika gia ndogo, dirisha wazi ili asikie. Kushikamana na taa nyekundu za gari la mbele si salama, kwa maana likipotea litampoteza naye. Akihitaji kusimama ili afute kioo, na atoke kabisa katika lami. Utingo asitumwe kusimama nyuma ya gari barabarani.

Chini zaidi, ukungu hubaki juu kama dari, na mara jua hutokea, pamoja na vumbi la Mai Mahiu na malori yakipumzisha breki zake. Wapandao huanzia hapo katika mwanga mweupe wa mchana, na wengi wao hawakumbuki kuwasha taa mpaka wingu limekwisha kuwameza. Ashukaye huwasikia kabla ya kuwaona. Taa hizo ziwashwe Mai Mahiu, gari likiwa bado limesimama.