Uzee Haupigi Hodi

Mtu akiajiriwa na serikali hapa kwetu Uganda, jamaa zake humpongeza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mshahara, na ya pili ni pensheni. Wazee hutikisa vichwa na kusema, "Huyu ameokoka." Maana yao ni kwamba hata nguvu zitakapokwisha na meno kung'oka, serikali itaendelea kumlisha. Maneno hayo ni matamu, lakini yafaa tuyapime kabla ya kuyalalia.

Mimi nina umri wa miaka 36. Nilipata cheti cha ualimu cha Daraja la Tatu, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka saba, kisha nikahamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya, huku mashariki karibu na mpaka wa Kenya. Kazi yangu ni kutunza majalada ya walimu. Kila wiki huja wastaafu wakiwa wameshika mifuko ya nailoni yenye karatasi zilizokunjamana, wakiuliza habari za malipo yao. Nimejifunza mengi kwa kuwasikiliza, na baadhi ya hayo nataka kumweleza msomaji, hasa yule aliye kijana kama mimi na anayedhani kwamba uzee ni habari ya watu wengine.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulifahamu ni asili ya pensheni yetu. Mtumishi wa serikali aliye katika utaratibu huu wa pensheni hakatwi hata senti moja kwa ajili ya uzee wake. Hakuna sanduku lenye jina lake ambamo fedha zinakua mwaka hadi mwaka. Pensheni hulipwa kutoka Hazina, yaani kutoka kodi zinazokusanywa mwaka ule ule. Ni ahadi, tena ahadi yenye nguvu, kwa kuwa Katiba ya mwaka 1995 yasema kwamba pensheni haitatozwa kodi, kwamba itaangaliwa upya mara kwa mara kulingana na thamani ya fedha, na kwamba italipwa kwa wakati na bila usumbufu. Hata hivyo, ahadi si akiba. Akiba ni kitu kilichokwisha kuwekwa, na ahadi ni kitu kitakachotolewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Huchukuliwa miezi aliyotumikia mtu, ikazidishwa kwa mshahara wake wa mwaka, kisha ikagawanywa kwa 500. Tuseme mwalimu ametumikia miaka 30, yaani miezi 360, naye hupata shilingi 500,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 4,320,000. Theluthi moja ya hiyo, yaani shilingi 1,440,000, huzidishwa kwa 15, naye hupewa kwa mkupuo shilingi 21,600,000 kama kiinua mgongo. Theluthi mbili zilizobaki hulipwa kidogo kidogo, na kwa mwezi ni shilingi 240,000. Basi aliyezoea kuishi kwa 500,000 sharti ajifunze kuishi kwa chini ya nusu yake, wakati ambapo dawa zimeongezeka na wajukuu wameanza kuletwa nyumbani.

Baba yangu mdogo, mwalimu mkuu msaidizi, alistaafu miaka sita iliyopita. Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa uliotofautiana na ule ulioandikwa katika jalada lake. Tofauti hiyo ilimgharimu miezi 14 ya kwenda na kurudi. Ofisi moja ilimwelekeza nyingine, na hiyo nyingine ikamrudisha kwa ya kwanza. Miezi hiyo yote aliishi kwa kukopa kwa wenye maduka. Fedha za mkupuo zilipofika, madeni yalikuwa yakizingoja mlangoni. Zilizosalia alinunua gari la abiria lililokwisha kutumika sana, kwa kuwa shemeji mmoja alimhakikishia kwamba litaleta faida kila siku. Gari lile lilileta mafundi kila siku. Leo linaota majani nyuma ya nyumba, na kuku hulala ndani yake.

Simcheki baba mdogo. Kwa miaka 30 alipokea fedha kidogo kila mwezi, akazigawa kwa karo, sabuni na chumvi, na hapakuwa na mtu aliyemfundisha kushika milioni 20 kwa siku moja. Wajukuu walimlilia, kanisa likakumbuka ahadi yake ya mabati, na marafiki wapya wakazaliwa. Fedha za mkupuo zina kelele, na kelele hizo humvuta kila mwenye masikio.

Wapo wanaosema kwamba heri mtu aweke fedha zake mwenyewe, kwa mkono wake, asitegemee serikali. Hao nawakumbusha yaliyotokea mwezi wa Mei mwaka 1987, kabla sijazaliwa. Serikali ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu ya hapo ikatozwa kodi ya asilimia 30. Marehemu baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili, akazificha fedha katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Mama asema kwamba kila shilingi 100,000 za kopo lile zilirudi 700. Baada ya hapo bei ziliendelea kupanda, na hizo 700 nazo zikanywea. Tangu siku hizo mama haamini noti. Yeye huamini mbuzi, migomba na watoto.

Katika watoto hao mimi ni mmojawapo. Mama ana miaka 72. Hakuajiriwa na mtu yeyote maishani mwake, ingawa sijaona mtu aliyefanya kazi kumshinda. Alilima, akauza ndizi na mihogo sokoni, na kwa jasho hilo akatusomesha watu watano. Serikali yetu inao mpango wa kuwapa wazee ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Ulianza kwa majaribio katika wilaya chache mwaka 2010, ambako wazee wa miaka 65 walipokelewa, na wale wa Karamoja wa miaka 60. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, umri wa kuanza ukawekwa miaka 80, kwa sababu fedha hazikutosha. Nilipomweleza mama habari hiyo, alicheka akasema, "Mwanangu, hebu serikali inisubiri huko kwenye themanini, nawe unitunze mpaka nifike."

Hapa ndipo nilipoanza kuyawaza upya maneno ya baadhi ya wenzangu kazini. Hao huona wazee wamepanga foleni kungoja zile 25,000, wakanong'ona kwamba serikali inawafundisha watu uvivu na kwamba taifa litakuwa la ombaomba. Nawauliza: je, sisi pensheni yetu yatoka wapi? Yatoka Hazina ile ile, kutoka kodi ile ile, ambayo bibi yule ameilipa maisha yake yote kila aliponunua sukari, sabuni na mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba sisi twapewa zaidi na kuanza mapema. Chungu ni kimoja, ila kata ni mbili.

Hata hivyo hofu ya utegemezi si ya bure, nami siidharau. Naiona mahali pengine kabisa. Mwaka 2022 ulizinduliwa Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ambao hutenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya huweza kukopa hadi shilingi milioni moja. Ni mkopo wa kuzunguka, wa kurudishwa ili jirani naye akope. Lakini katika kijiji chetu nimesikia vijana wenye mabega mapana wakisema, "Hizo ni za serikali, nani atakuja kuzidai?" Mmoja alinunua pikipiki ya kutembelea. Bibi wa miaka 81 anayenunua dawa ya mgongo kwa ruzuku yake hajaharibiwa na serikali. Kijana anayekula mtaji wa jirani yake ndiye anayejiharibu, na ndiye atakayefika uzeeni mikono mitupu na kuhesabiwa katika foleni.

Majirani zetu nao wanapambana na fumbo hili. Kenya huwapa wazee waliofika miaka 70 shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na tangu Januari 2021 watumishi wake wa serikali wameanza kuchangia mfuko wao wenyewe, mtumishi asilimia 7.5 ilipokamilika na serikali asilimia 15. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza nani aliajiriwa na nani hakuajiriwa. Tanzania Bara, kikokotoo cha mafao kilizusha manung'uniko makubwa mwaka 2018 hata Rais Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 kiwango cha mkupuo kikawa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kukipandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wakipata nusu hapo zamani. Kila nchi yatafuta mizani kati ya haki ya mzee na uwezo wa Hazina.

Kuchangia mfuko kuna faida yake: mtu hujua kilicho chake. Hapa kwetu wafanyakazi wa makampuni huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 mfuko huo ulitoa faida ya asilimia 11.5, jambo ambalo kopo la maziwa haliwezi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, aliyefika miaka 45 na aliyeweka kwa miaka 10 aweza kuchukua sehemu ya akiba yake, hadi asilimia 20. Lakini hata mfuko hauna budi kulindwa. Mwaka 2023 Bunge lilichunguza uendeshaji wake. Wala tusisahau kwamba mwaka 2012 ilifichuka kuwa mabilioni ya shilingi za pensheni ya watumishi yalikuwa yamelipwa kwa wastaafu hewa, huku wastaafu wenye nyama na mifupa wakirudi makwao na nauli za kukopa. Fedha ya mzee ni rahisi kuibwa kwa kuwa mwenyewe hana miguu ya kuifuata.

Basi nyumbani kwetu tumefanya nini? Mama watoto nami tulikaa jioni moja, watoto wakiwa wamelala, tukaandika katika daftari mapato na matumizi yetu. Tuliona kwamba shilingi 50,000 kwa mwezi zaweza kutengwa, tukipunguza soda za wageni na nguo za kila sikukuu. Kwa miaka 24 iliyonibakia kufika 60 ni shilingi 14,400,000, kabla ya faida. Fedha hizo tunaziweka kwa hiari katika mfuko, mbali na mikono yetu na mbali na masikio ya mashemeji. Mke wangu alishauri tusiweke yote mahali pamoja, nami nikakubali. Yeye ameweka sehemu katika chama cha akiba na mikopo cha wanawake wa soko, na pia tumepanda mikalitusi katika kipande cha shamba alichotuachia baba.

Kuhusu mama, tulikuwa na mazungumzo mazito zaidi. Mke wangu aliuliza, kwa upole, kama twaweza kujiwekea akiba ya uzee wetu na papo hapo kumtunza mzee aliye hai. Swali hilo liliniuma, kwa sababu ni la haki. Shilingi 50,000 tunazoziweka ni sawa na dawa za mama za shinikizo la damu kwa mwezi. Tuliamua kwamba dawa zitangulia, na kwamba mwezi ambao fedha hazitoshi, akiba ndiyo itakayongoja. Ndugu zangu wanne nimewaandikia barua, kila mmoja nikimtajia kiasi chake. Wawili wamejibu. Wengine wawili bado, nami nitawaandikia tena, kwa kuwa mtunza majalada hachoki kuandika.

Nakuomba, msomaji, fanya jambo moja mwezi huu. Tafuta barua yako ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, na za kupandishwa cheo. Linganisha jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa katika karatasi hizo na katika kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, irekebishe sasa ungali na nguvu za kupanda ngazi za ofisi. Kisha weka karatasi hizo katika jalada moja, na mwonyeshe mumeo au mkeo mahali lilipo. Wajane wengi waliofika mezani kwangu hawakujua hata nambari ya marehemu kazini. Uzee haupigi hodi, wala kifo, na afisa atakayekuwa zamu siku hiyo hatakuwa anakufahamu. Atasoma karatasi tu.