Uso Huumbwa Kabla Hujajua

Pitisha kidole kati ya pua na mdomo wako wa juu. Kuna kijifereji hapo. Uso wa binadamu hauanzi ukiwa mzima. Huanza kama vivimbe vidogo vinavyokua vikielekeana, hadi vishikane karibu na hapo. Kazi hiyo hufanyika sanasana kati ya wiki ya 4 na ya 10 ya ujauzito. Wiki ya 6, wengi bado wanadhani siku zimechelewa tu kwa sababu ya mawazo.

Dadangu mdogo alijua wiki ya 9. Kabla ya hapo kulikuwa na harusi ya rafiki, bathdei mbili na wikendi moja Naivasha. Mzinga ulizunguka, fegi pia. Alinipigia usiku wa manane: "Sasa mtoto atatoka na sura gani?"

Nikaanza kusoma. Mwaka wa 1968, huko Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine na wenzake waliandika kuhusu watoto 127 wa wazazi walevi. Wachache waliwasikia. Mwaka wa 1973, Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaeleza hali ileile. Siku hizi sura yake hutambulika kwa macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kimesawazika hadi karibu kipotee. Pombe hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na ini lake bado ni changa, haliimudu. Sigara nayo hupunguza oksijeni inayomfikia. Mwaka wa 2014, ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ilikata kauli kwamba kuvuta mapema katika mimba huweza kusababisha mdomo sungura.

Wueh. Hayo yote singeweza kumsomea dadangu saa saba usiku.

Lakini kuna upande mwingine. Watoto wengi walioathiriwa na pombe tumboni hawana sura hiyo kabisa. Ubongo huumia na uso ukabaki kama wa wenzao. Na mdomo sungura una sababu nyingi, kurithi ikiwemo. Mama ambaye hajawahi kuonja hata tone anaweza kumzaa mtoto mwenye mdomo huo. Kwa hivyo uso wa mtoto si ushahidi wa kumshtaki mamake. Mashambani waliita laana. Sisi wa mjini tumeacha neno laana, tukaweka chupa mahali pake, lakini kidole bado kinamwelekea mama yuleyule.

Aibu hiyo ina bei. Kliniki ikiuliza, "Unakunywa? Unavuta?", wanawake wangapi hujibu hapana ili wasikaripiwe? Dadangu alisema ndiyo. Nesi hakuinua hata nyusi. Alimwambia hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kuacha leo kunasaidia, kwa sababu ubongo hujengwa hadi siku ya mwisho. Kisha akamuuliza swali ambalo sote tulikuwa tumelisahau: "Na baba, anavutia wapi?"

Shemeji anavutia sebuleni. Ama alikuwa. Siku hizi anashuka orofa nne hadi getini, akinung'unika kila ngazi. Tumbo lina wiki 28. Sura hatuijui bado, na dadangu ameacha kuniuliza.