Nipe Noti

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unapiga honi, atakuuliza: ya daladala? Yangu ni ile honi ya Kifaransa, bomba la shaba lililojiviringisha kama konokono. Mkono wa kushoto kwenye vali, wa kulia ndani ya mdomo wake mpana. Niliazimwa na bendi ya matarumbeta ya kanisani kwetu. Nikavimba kichwa, we acha tu!

Basi, akafariki mama wa rafiki yangu, yule anayepiga tarumbeta kando yangu. Siku ya maziko tukasimama juani, saa saba mchana. Wimbo wa kwanza tu, honi yangu ikapanda juu ya wenzake. Nikakaza midomo, ikazidi. Ubeti wa pili rafiki yangu akashusha tarumbeta, akanitazama. Hakuwa na hasira. Bora angekasirika.

Jioni nikaenda kwa mzee mmoja, mstaafu wa bendi ya jeshi.

"Shikamoo mzee. Honi hii mbovu."

"Marahaba." Akashika slaidi kubwa, ile yenye umbo la U, akavuta. Wapi! Imegoma. "Mjukuu wangu, tangu upewe umewahi kuichomoa?"

Nikatazama chini. Mwaka mzima!

Akapitisha kitambaa, akavuta taratibu mpaka ikaachia, akaisafisha na kuipaka grisi. Ndipo akanieleza. Juani hewa iliyo ndani ya bomba hupata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi, noti inapanda. Dawa yake ni kurefusha njia: ukivuta slaidi sentimita moja, njia inaongezeka sentimita mbili, kwenda na kurudi. Ukiisukuma ndani, noti inapanda tena. Honi yangu ni mbili ndani ya moja: upande wa F, karibu mita 3.7, na upande mfupi, karibu mita 2.7, unabadilisha kwa kidole gumba. Kila upande una slaidi zake kwenye kila vali.

"Bonyeza vali kwanza, ndipo uvute slaidi yake. Na usitunie honi ya baridi. Ipulize kwanza ipate moto."

"Sasa nitajuaje kama nimevuta kiasi cha kutosha?"

Akachukua tarumbeta yake. Tukapiga noti moja, wote wawili. Katikati yetu nikasikia mtetemo: wa-wa-wa-wa. Nikavuta kidogo, ukapunguza mwendo: waa... waa... Nikavuta tena, ukatulia.

"Mbona siku zote sikuusikia?"

"Ulikuwa unajisikiliza mwenyewe."

Siku ya kuanua matanga niliwahi kufika. Nikaipuliza honi mpaka ikapata joto, kisha nikamwendea rafiki yangu pale alipokaa na ndugu zake. Maneno ya pole nilikuwa nimeyaandaa, yakanipotea.

"Nipe noti," nikamwambia.

Akainua tarumbeta, akanipa. Safari hii nilisikiliza kwanza.