Kutafuta Manyoya ya Bata Mzinga

Likizo ya Desemba nilipewa kazi ambayo wenzangu hapa Bomani waliicheka sana: kutafuta manyoya ya bata mzinga. Aliyenituma ni mjomba wangu, ambaye kazi yake ng'ambo ya Sirari, katika Kenya, ni kufunga nzi wa kuvulia samaki. Ujira wangu ungekuwa viatu vya shule, navyo nilivihitaji kweli kweli.

Nzi huyu si mdudu. Ni ndoana ndogo iliyofungwa uzi, sufu na manyoya hata samaki akadhani ni mdudu. Desturi hii ni ya kale: Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Katika Kenya ilifuatana na trauti, samaki wa maji baridi ambao Waingereza waliwatia katika mito ya milima ya Aberdare mwaka 1905.

Unyoya wa bawa la bata mzinga ni mpana, na nyuzi zake hushikana kwa vikulabu vidogo mno. Ukikata kipande chembamba hakitawanyiki. Rangi inayotakiwa ni hudhurungi yenye madoadoa, kama ya panzi. Lakini mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani siku hizi hufuga bata mzinga weupe, kwa sababu manyoya meusi huacha alama katika ngozi ya nyama. Ndiyo maana unyoya ambao sisi tunautupa jalalani, wengine wanautafuta kwa fedha.

Taabu yenyewe ni kwamba manyoya hapana budi yawe jozi. Unyoya wa bawa la kushoto hupinda huku, wa kulia hupinda kule. Nzi mwenye mabawa ya upande mmoja huzunguka majini kama pia na kuusokota mshipi. Basi ya kuokota uani hayafai, labda kwa bahati.

Nilipiga hodi nyumba tisa. Hapa weupe, pale weusi. Kwingine dume alikuwa na rangi nzuri, ila bata mzinga akijivuna huburuta mabawa chini, na ncha zilikuwa zimekwisha. Rafiki mmoja aliniletea manyoya ya kanga wake wa kufugwa. Hayo hufaa kwa ndevu za nzi, si mabawa. (Kanga wa porini sikuwagusa, kuwawinda bila leseni ni kosa.)

Nyumba ya tisa palikuwa na dume wa hudhurungi, amewekwa kwa Krismasi.

"Shikamoo mama. Naomba manyoya yake."

"Marahaba. Ukitaka manyoya, mnunue na mwenyewe."

Fedha sikuwa nazo. Nikamwomba nimteketee maji siku tatu na kumnyonyoa ndege mwenyewe, ila mabawa yanyonyolewe makavu, kabla ya maji ya moto. Alifikiri kitambo, akakubali. Siku ile sufuria ilichemka, akina mama wakanung'unika kwamba nawachelewesha, nami nang'oa moja moja, kushoto na kulia. Nilipata jozi 11 safi.

Sasa yamo katika bahasha mbili, moja nimeandika Kushoto, nyingine Kulia. Yanangoja kibali cha mganga wa mifugo, kwa kuwa mazao ya ndege hayavushwi mpaka hivi hivi.