Fedha ya Wakili Sitoi

Ngao, Tana River

Mpwa wangu mpendwa,

Mamako hajambo, ila goti humsumbua asubuhi. Mto umeshuka na watu wamerudi mashambani. Maembe bado. Mengine nitakusimulia ukija, kwa sababu najua barua hii umeifungua ukitafuta jibu moja tu.

Nimekuelewa. Mpiga ridhimu, mpiga besi na yule kijana wa dramu wameondoka kwenye bendi yako siku moja, wanafanyia mazoezi Kisauni, wamejipa jina lenye nusu ya jina lenu, na Jumamosi wamepiga kwenye harusi uliyodhani ni yako. Unataka nikuchangie fedha ya wakili uwazuie kulitumia jina hilo. Sitoi. Hata kama ningekuwa nazo za kumwaga, nisingetoa, maana kesi hiyo ukiishinda utakuwa umerudishiwa kitu ambacho hujapoteza.

Wewe umezaliwa wanamuziki wa bendi za Wanyika wakiwa wameshakuwa zilipendwa, unawasikia kwenye matatu na pale wazee wanapokunywa. Kwa hiyo nivumilie nikueleze walikotoka, kwani yaliyokupata wewe yaliwapata wao karibu hatua kwa hatua.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George, waanzilishi wao, walikuwa watu wa Tanga. Mwaka 1966 waliingia Jamhuri Jazz, na Tanga ya siku zile ilikuwa na masikio makali. Kulikuwa na Atomic Jazz, kulikuwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, na kulikuwa na vibarua wa mashamba ya mkonge waliotaka dansi la uhakika mshahara ukitoka. Mwaka 1970 Wilson na George wakahamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William, wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka wakaingia Kenya. Wanamuziki wengi wa Tanzania waliitamani njia hiyo, kwa sababu kwao nyimbo zilirekodiwa redioni zikakaa kwenye kanda za redio, lakini viwanda vya kufyatua santuri vilikuwa Nairobi. Na Kenya ndiko Arusha Jazz ilikogeuka Simba Wanyika.

Miaka saba wakawa moto. Halafu, Novemba 1978, wakaondoka Omar Shabani, yule waliyemwita Profesa, Tom Malanga na Rashid Juma, pamoja na wenzao wengine. Sasa hesabu nawe: Omar alipiga ridhimu, Malanga besi, Rashid dramu. Ni nafasi zile zile tatu zilizokutoka wewe. Wakajiita Les Wanyika. Hata nusu ya jina waliichukua!

Wilson alibaki na gitaa la solo, akabaki na sauti yake na ya George, akabaki na jina na sifa zake. Yaani alibaki na kila kitu ambacho mcheza dansi aliyelipa kiingilio anakitazama. Lakini huku mtoni abiria wote humtazama aliyekaa mbele ya mtumbwi, na anayejua mtumbwi utatia nanga wapi ni yule wa nyuma aliyeshika pondo.

Na usidhani walitoka kwenda kwenye raha. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Mtanzania aliyeacha kazi Nairobi wakati ule hakuwa na njia rahisi ya kurudi kwao kujipanga upya. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa Bwambe Bwambe, awe mpiga solo na mwimbaji. Wakamchukua Issa Juma kwa sauti yake nzito, na Mohamed Tika. Kisha wakafanya jambo ambalo nataka ulisome mara mbili: walifanya mazoezi kwa miezi sita kabla ya kupata jukwaa la kudumu, klabu ya Garden Square mjini Nairobi. Miezi sita! Ninyi mlifanya mazoezi wiki ngapi kabla ya kuchapisha bango?

Mwaka 1979 wakatoa "Sina Makosa". Mtunzi ni Omar Shabani. Ni malalamiko ya mwanamume anayechukiwa bure na mwenzake, na hoja yake ni kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, basi chuki inatoka wapi. Sauti zinalalamika lakini magitaa hayana huzuni hata kidogo, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Usiisikilize kwenye simu, tafuta spika yenye besi ya kweli. Sikiliza ridhimu. Inapiga fungu dogo, inanyamaza, na katika kunyamaza kule besi ya Malanga inapita. Solo la Ngereza linakuja juu yao bila haraka, kwa sababu chini pameshakaliwa. Kwangu mimi hakuna wimbo bora uliotoka Nairobi mwaka ule, na niko tayari kubishana na yeyote isipokuwa mamako, ambaye ana wa kwake na haambiliki.

Utasema: basi Wilson alikwisha. Hakukwisha, na hapa ndipo nataka utulie. Alitafuta vijana wengine akawafundisha. Mwaka 1980 hata George, ndugu wa damu, aliondoka akaanzisha Orchestra Jobiso, na miaka michache baadaye alikuwa amerudi kwa kaka yake wakapiga pamoja tena. Simba Wanyika ile iliyoachwa na watu wake ndiyo iliyoupiga "Shilingi" katika miaka ya 1980, na ndiyo ambayo albamu yake "Pepea" ilitolewa Uholanzi mwaka 1992. Bado wanaharusi wanauomba "Shilingi", nawe umeupiga mwenyewe mara nyingi.

Kwa upande wa pili nako hakukutulia. Issa Juma aliwatoka Les Wanyika akaanzisha Super Wanyika, baadaye likaja jina la Wanyika Stars, na mengine ya ukoo huo huo, mpaka mnunuzi wa santuri River Road ilibidi aulize mara mbili anauziwa Wanyika wepi. Issa naye akatoa "Sigalame", na hakuna aliyeusikia akadhani ni Wilson. Wote walikuwa Wanyika, na mtu mwenye masikio aliwatenganisha kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Jina halikumwokoa yeyote kati yao aliyepiga vibaya.

Wala si wao peke yao. Baba Gaston alifika Nairobi na kikosi chake kutoka Zaire, na mwaka 1976 wanamuziki wake wakamwacha kwa wingi wakaunda Les Mangelepa. Zaidi ya miaka 40 baadaye Mangelepa walikuwa bado wanapanda jukwaani. Ningeweza kuendelea, lakini ningeandika orodha ya nusu ya bendi za Nairobi.

Na ile fulana ya mtumba uliyokuja nayo Krismasi, yenye mistari minne minene myeusi, nimeitafuta nijue mpwa wangu anatembea na tangazo la nani. Ni alama ya Black Flag, bendi ya punk ya California. Makelele yao siyawezi, lakini habari zao zinakuhusu. Mpiga gitaa Greg Ginn aliianzisha mwaka 1976, na mpaka inavunjika mwaka 1986 ilikuwa imepita kwenye mikono ya waimbaji wanne: Keith Morris, Ron Reyes, Dez Cadena na Henry Rollins. Wapiga besi na dramu nao walipishana mlangoni, akabaki Ginn peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2013 Ginn aliifufua bendi, na mwaka huo huo Morris na wenzake wa zamani wakaanza kuzunguka kwa jina la Flag, wakipiga nyimbo zile zile. Ginn akaenda mahakamani Marekani, penye mawakili wa kila aina, akaomba wazuiwe. Jaji akakataa kuwazuia. Wewe unataka kuanza na mwanasheria wa Mombasa kwa jina ambalo hamjalisajili popote.

Swali langu kwako ni jingine, na nakuomba ulijibu bila hasira. Ule wimbo wenu wa kwanza, ule unaoanza na ridhimu peke yake kabla besi haijaingia, kwenye karatasi mtunzi ni nani? Uliponitumia rekodi ulisema umeutunga wewe. Maneno nakubali, hata nilimtambua shangazi yako ndani yake. Lakini mwanzo ule ni vidole vya yule mpiga ridhimu aliyeondoka, na watu wanapousikia wanainuka kabla hujaimba neno. Kama jina lake halimo, usitafute mbali sababu ya kuondoka kwake. Omar Shabani alikuwa mpiga ridhimu, mtu wa pembeni kwa macho ya wengi, na ndiye aliyeutunga wimbo mkubwa kuliko wote wa bendi yake mpya.

Sisi Wapokomo hasa ndio tusiofaa kuchukulia jambo hili kwa mzaha. Mwaka 1963 kamati ya watu watano iliutwaa wimbo wetu wa kubembeleza mtoto ikautengeneza kuwa Wimbo wa Taifa. Kazi nzuri, siipingi, na kila ninapousimamia kifua hunijaa. Majina ya wanakamati yamo vitabuni. Mama aliyeuimba kwanza kando ya Tana, mtoto akiwa mgongoni, hayumo kwenye karatasi yoyote.

George alifariki 1992, Wilson akamfuata 1995. Omar Shabani aliaga 1998, Ngereza mwaka 2000. Hivi leo ukiingia kwenye harusi Malindi, yule wa kuchezesha muziki anaunganisha Simba Wanyika na Les Wanyika bila kupumzika, na anayecheza haulizi nani alimwacha nani.

Sasa tuje kwenye fedha. Ya wakili sitoi, ila ya besi natoa. Nimeuza mbuzi wawili na kilichobaki baada ya dawa za mamako kinatosha gitaa la besi lililotumika, mradi usinunue kwa mtu wa kwanza utakayemkuta. Lishike, lipige, sikiliza kama linavuma.

Mpiga ridhimu ninaye. Yuko hapa kijijini, anapiga kanisani, na mwalimu wa kwaya anamlalamikia kwamba hapigi vya kutosha. Nimeketi nyuma yake Jumapili kadhaa nikimsikiliza. Anapiga anapohitajika, kisha ananyamaza. Huyo ndiye unayemtaka, ingawa atakuchosha, maana haongei. Nauli yake nitalipa mimi. Masharti ni mawili: mfanye mazoezi mpaka mchoke kabla ya kukubali shughuli yoyote, na kila wimbo atakaoutia mkono jina lake liandikwe kando ya lako siku hiyo hiyo, si baadaye.

Wale watatu waache. Mkikutana kwenye shughuli wasalimie, na wakikuomba waya au kapo, wape. Bado ni vijana, nawe pia, na George alirudi.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Baba yake kijana anataka kumpeleka kwenye kibarua cha mpunga, na nimemwomba angoje mpaka nipate neno lako. Ukikubali atapanda basi Garsen Jumatatu asubuhi, umpokee stendi mwenyewe, hajawahi kufika Mombasa.

Mjomba wako